Simu Niliyosema Nimepiga

Jumamosi, tarehe saba Juni, saa kumi na dakika kumi alasiri. Nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa nyumba yetu, ghorofa ya tatu, Barking, mashariki mwa London, na sinia ya vikombe vichafu mkononi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kiasi cha kupita kiganja. Ndani walikuwamo Mama na Shangazi Zuwena, dada yake Baba, aliyefika kutoka Unguja siku tano kabla kuja kulizuru kaburi la kaka yake. Walikuwa wanachambua mchele. Mchele wa huku hauna hata chuya moja, lakini Shangazi haamini mchele ambao hajauchambua kwa mikono yake, na Mama kwa adabu alikuwa akichambua naye, wote wawili wakitafuta kisichokuwapo. Nikamsikia Shangazi akisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayesema juu ya mvua ya mwaka jana: "Mimi kinyongo sina, wifi. Mungu amrehemu. Lakini mama yetu alimngoja mpaka akafa, na kaka yangu akachagua mawe." Nilisikia mchele ukimiminwa tena kwenye ungo. Nikarudi chumbani kwangu na sinia yangu, nikaiweka juu ya kitanda, nikakaa kando yake.

Katika nyumba ile ni mimi peke yangu ninayejua kwamba Baba hakuchagua. Nimelijua hilo kwa miaka mitatu. Nina shajara tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, madaftari tisa, yote kwa Kiingereza, na hata humo jambo hili nimeliandika kwa mafumbo, kama kwamba daftari lingenisema. Leo naliandika wazi, tena kwa Kiswahili, ambacho nimejifunza kukiandika ukubwani, baada ya msiba, kwa sababu Shangazi hasomi Kiingereza. Nikishindwa kumwambia kwa mdomo, na mimi kwa mdomo hushindwa, nitampa karatasi hizi. Ya ukoo wetu na jinsi tulivyofika London sitayaandika. Wako watu wanaoyaeleza vizuri kunishinda. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na mitano.

Baba alikuwa mwashi. Unguja alikarabati nyumba za mawe za mjini, za chokaa na boriti. London akakata mawe ya ngazi na vibaraza kwa mashine, na vumbi lake likamwingia kifuani likakaa. Mwaka ule alikuwa ameshaacha kazi. Sebuleni kulikuwa na mashine ya oksijeni, ukubwa wake kama sanduku la nguo, ikivuma mchana kutwa, na kutoka kwenye mashine ulitoka mpira mwembamba mpaka puani kwake. Mpira ule ulifika jikoni, ulifika chooni, lakini chumbani kwangu uliishia kizingitini. Akitaka kusema nami alisimama pale mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Aliniita Bi Kimya. "Bi Kimya, hodi," angesema, kisha angemgeukia Mama na kumshitakia kwamba mtoto huyu akiulizwa Kiswahili hujibu Kizungu, na akiulizwa Kizungu hajibu kabisa. Alikuwa anatania, lakini hakuongeza chumvi. Mimi nilikuwa mtu wa kupitiliza kituo cha basi kwa kuona haya kumwomba aliyekaa karibu yangu anipishe. Simu ya mtu nisiyemjua nilikuwa naiacha ilie mpaka ichoke.

Mwezi wa Januari Baba alirudi kutoka kliniki ya mapafu na ukurasa aliouchana kwenye gazeti la chumba cha kusubiria. Mama akamshutumu, mtu mzima na ndevu zake anawaibia wagonjwa wenziwe magazeti. Yeye hakusikia. Alivaa miwani, akaukunjua ukurasa juu ya meza ya jikoni, akauinamia kama daktari juu ya mgonjwa. Ilikuwa picha ya nyumba za mawe zilizojengwa ndani ya jabali, chini ya mwamba uliojitokeza juu yake kama ukingo wa paa. Nyumba nyingi zimebanana, nyingine za mraba, nyingine za duara, na madirisha madogo meusi. "Njoo uone," aliniambia. "Huyu fundi hakuwa na haraka. Tazama anavyopanga. Sasa njoo hapa, ukuta huu. Huyu wa hapa alikuwa na njaa." Nikacheka. Akanionyesha vijiwe vidogo vilivyochomekwa kwenye udongo baina ya mawe makubwa, safu kwa safu, akasema nao walikuwa wanafanya vile vile kwenye kuta za mjini, na kwamba yeye alifundishwa kazi ile akiwa mdogo kuliko mimi, na aliyemfundisha alikuwa akimpiga kwa mpini wa mwiko kila akichomeka kijiwe kwa pupa.

Mahali pale panaitwa Mesa Verde, Kolorado, Marekani. Ni hifadhi, watu huingia kwa tiketi. Nilimsomea yote kwenye simu, naye alinikatiza ili nimwambie tena kwa Kiswahili, na kwa kuwa alikuwa na hamu ya kujua, nilijikuta nasema. Nilimwambia waliojenga ni wazee wa watu wanaoitwa Wapueblo, kwamba walihama miaka zaidi ya mia saba iliyopita wakaelekea kusini, na wajukuu zao wapo hadi leo, na hawapendi mahali pale paitwe magofu, wanasema wazee wao bado wamo. Baba akatikisa kichwa kwa kukubali. "Haki yao," akasema. "Nyumba haiwi gofu kwa sababu mwenyewe kasafiri." Tukapata na video fupi ya mlinzi wa hifadhi akionyesha udongo wa ukuta mmoja, ambamo zimebaki alama za vidole vya waliokandika, nyingine ndogo, za wanawake labda, au watoto. Baba aliisimamisha video ile. Aliweka kidole gumba chake juu ya kioo cha simu yangu, juu ya alama ile, akakaa hivyo mpaka kioo kikazima. Akaniambia hataki kugusa, wenyewe hawataki paguswe, na yeye pia asingependa mtu apapase lipu yake. Alitaka kusimama tu aliposimama yule fundi, aitazame kazi yake.

Basi tukaanza kupanga. Kila siku saa kumi nikirudi shule nilimkuta ameshakaa jikoni, mpira umepitishwa nyuma ya kiti usije ukamnasa, na mbele yake bahasha za hospitali alizozigeuza zikawa karatasi za mipango. Mama alikuwa anafanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya wazee, na akiondoka alituachia hotpoti ya chapati na chungu cha maharage ya nazi. Tulikula bila sahani, tukichovya mle mle chunguni, jambo ambalo Mama hajui hadi leo. Nilimsomea habari za ndege zinazoruhusu mashine ndogo ya oksijeni, za magari ya kukodi, za baridi ya kule asubuhi hata mwezi wa Mei. Tulikubaliana twende wiki ya likizo ya shule, mwishoni mwa Mei, kwa kuwa ndipo milango ya nyumba zile hufunguliwa kwa wageni, na ndipo mimi na Mama tungeweza kwenda naye. Alichora ramani ya bonde kwa kalamu ya useremala. Alikuwa anasema pole pole, maneno manne, pumzi, maneno manne, na mimi nilizoea kusema kwenye zile nafasi za pumzi, hivi kwamba mtu akitusikiliza kwa nje angedhani ni mazungumzo ya mtu mmoja. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Naandika hivyo nikijua maana yake: furaha yangu kubwa kupita zote niliipata mwaka ule, na niliipata kwa kumnyima mtu mwingine.

Mwezi wa Februari muuguzi wa mapafu alikuja nyumbani, akampima, akaketi na Mama na Baba sebuleni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali pangu pa siku zote. Alisema kifua cha Baba kitavumilia safari moja ndefu ya ndege, labda, kabla ya kiangazi. Ya pili asiifikirie. Baada ya muuguzi kuondoka Mama akasema alilokuwa amelinyamazia tangu Januari. Bibi yuko Unguja, mama yake mzazi, macho yamekwisha, anamngoja. Likizo ya kazini Mama anaweza kuiomba Machi, waende wao wawili, na mimi, Nasra, nibaki kwa jirani, kwa sababu shule haitoi ruhusa katikati ya muhula. Baba alisema atafikiri. Jumapili yake Shangazi Zuwena alipiga, kama kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu katikati ya meza.

"Kaka, n'nasikia unakwenda kutazama majumba ya wafu," Shangazi alisema. "Huko Marekani wana mawe gani ambayo Mungu hakutupa sisi?"

"Ya kwetu nimeyajenga mwenyewe, Zuwena. Nayajua mpaka aibu zake."

"Na mama je, naye umemjenga wewe?"

Baba alicheka akakohoa, akakohoa muda mrefu, na simu ikamngoja. Kisha tukasikia Bibi akisogezewa simu kule. Bibi hakuwa na maneno mengi. Kila wiki alimuuliza mwanawe swali moja, kala nini leo, naye Baba alimhesabia kila kitu mpaka chumvi. Jumapili ile aliuliza hilo, akajibiwa, kisha akaongeza, "Basi njoo nikushike uso." Baada ya simu Baba aliutazama mpira wake. Halafu akakata shauri mbele yetu wote wawili. Muuguzi alikuwa ameagiza tupige simu hifadhini tuulize kimo cha mahali na ngazi zake, kabla daktari hajajaza fomu ya kumruhusu asafiri. "Nasra atapiga," Baba alisema. "Wakisema mtu wa hali yangu hawezi, basi hawezi. Siku hiyo hiyo tunakata tiketi ya Unguja, na maneno yanakwisha." Mama akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu alijua watasema nini.

Mimi pia nilijua. Hapa ndipo shajara yangu inaposema uongo. Imeandikwa kwamba sikupiga simu kwa sababu ya haya, na haya kweli zilikuwapo. Jumanne ya likizo fupi ya Februari, Mama akiwa kazini, nilijifungia chumbani saa tisa na nusu, kule ikiwa ni asubuhi, namba iko mbele yangu, na nilichotaka kusema nimekiandika neno kwa neno. Nilibonyeza tarakimu zote isipokuwa ya mwisho, mara tatu, nne. Lakini usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimekwisha kusoma, kwenye ukurasa wao wenyewe, kwamba mahali pale pako juu sana, futi elfu saba kupanda, hewa yake nyepesi, kwamba kuingia nyumba zile ni kwa ngazi za miti na vidato vya mawe, na wenye maradhi ya moyo au pumzi wanaonywa. Niliusoma ukurasa ule, nikaufunga, na sikumsomea Baba. Kwa hiyo simu niliyokuwa naiogopa ilikuwa ile ya kupata jibu. Wakisema hapana, ataondoka na Mama mwezi wa Machi, mimi nitalala kwa jirani, na meza ya jikoni itakwisha. Nilikuwa na Baba kwa mara ya kwanza maishani. Hapo kabla alikuwa anatoka alfajiri na kurudi mimi nimelala. Sikuwa tayari kumgawa, hata kwa mama yake.

Nikatoka chumbani. Alikuwa amesimama kizingitini, mpira umevutika mpaka mwisho. Nikamwambia nimepiga, mwanamke mmoja amepokea, amesema wazee huja kila siku, kuna njia ya watu wasioweza kupanda, na karibuni sana. Nilitunga mpaka sauti yake. Baba aliniangalia usoni, na nilidhani ameona. Akasema, "Umesema na mgeni kwa simu, Bi Kimya. Peke yako." Akanibusu kipajini. Mama aliporudi alimsimulia, akamkuza yule mwanamke wangu wa uongo mpaka akawa mkarimu kuliko nilivyomtunga. Mama alivua koti pole pole, akalining'iniza, akasema haya. Tiketi za ndege zikakatwa wiki ile.

Bibi alikuja kwenye simu Jumapili mbili zaidi, kisha akaacha. Shangazi alisema amelala, au yuko chooni, au amechoka na jua. Jumapili moja ya Aprili tulimsikia Bibi kwa nyuma akisema waziwazi kwamba yeye hana la kusema na watu wa safari za matembezi. Baba alilisikia. Aliichukua simu, akaizima ile sauti ya juu, akaiweka sikioni, akamwambia Shangazi amsalimie. Mimi nilikuwa naosha vikombe. Niliosha kikombe kimoja muda mrefu sana. Alasiri ile ile tuliendelea na orodha yetu. Baba alitaka kujua kama kule kuna mahali pa kununua maziwa ya kawaida ya chai, na nikatafuta, na nikamwambia yapo.

Tiketi za kuingia nyumba zile huuzwa wiki mbili kabla, saa mbili asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki ya tatu ya Mei tulikuwa mezani tangu saa nane, kwa sababu zinakwisha upesi. Siku iliyotangulia Baba alikuwa ameshakwenda kuwaaga watu wake. Alichukua teksi mpaka Edgware Road, kwenye mkahawa wanakokaa wazee wa kwetu baada ya sala ya Ijumaa, akawaomba radhi mmoja mmoja, kama mtu anayekwenda Makka. Walimcheka. Walimwambia Haji wa Marekani, usisahau kutuletea maji ya kule. Lakini kila mmoja alimsamehe na kumwomba naye amsamehe, maana kwetu mtu haondoki na deni la moyo. Na Jumamosi ile, dakika chache kabla ya saa tisa, Mama akiwa kazini, Baba aliisukuma bahasha kando na kunigeukia.

"Wewe nimekuacha wa mwisho," akasema. "Safari ni safari. Kama kuna siku nimekukosea, nimekupigia kelele, sikuwapo ukanitaka, nisamehe."

Najua cha kujibu. Kila mtoto wa kwetu anakijua, hata asiyefungua mdomo. Unasema, nimekusamehe Baba, nami niwie radhi. Naye mzazi anasema, radhi zangu zote juu yako, na unazichukua maishani, duniani na akhera. Nilisema la kwanza. Nilipofika kwenye la pili, ulimi ulisimama. Nilikuwa naweza kumdanganya juu ya milima na ngazi, lakini kuomba radhi ya mzazi huku nimeukalia uongo, niichukue kama mwizi, hilo sikuliweza. Nikamwambia, kwa Kiswahili, nadhani kwa mara ya kwanza bila yeye kuniomba: "Baba, sikupiga ile simu."

Aliuliza, "Hata mara moja?" Nikasema hata mara moja. Nikamwambia na ule ukurasa niliousoma, na Machi, na jirani, yote. Hakunikatiza. Mashine ilivuma. Saa ya simu ikafika tisa, ikapita, na tiketi zilikuwa zikiuzwa kwa watu wengine. Alipomaliza kunitazama akasema, "Piga sasa." Nikapiga, yeye yuko mbele yangu, sauti ya juu. Mwanamke halisi akapokea. Hakuwa mkarimu kama wangu, wala hakuwa mbaya; alikuwa mtu wa kazi. Nilisema nikigugumia hali ya baba yangu. Akauliza kama daktari wake anajua kimo cha mahali. Akasema yeye hawezi kumzuia mtu, lakini kama angekuwa baba yake asingemleta; ngazi hazitawezekana, na tatizo hata si ngazi, ni hewa yenyewe. Baba akajiinamisha kwenye simu akamshukuru kwa Kiingereza chake cha mjengoni, akamwambia kuta zao ni kazi ya mafundi hasa. Mwanamke akasema ndiyo, ni kweli. Simu ikakatika.

Nilingoja anipigie kelele. Ningeshukuru. Alijaribu kuvuta pumzi ndefu, ikashindikana, akavuta fupi fupi mbili. Akasema hajachelewa, tutabadilisha, wiki ijayo tunakwenda Unguja, na shule watafanya watakavyofanya, nami nitakwenda. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Radhi zangu unazo. Lakini hili halitoki humu jikoni. Mtoto akijikwaa mzee ndiye anayefuta damu. Mama yako asijue, Zuwena asijue. Nitasema nimebadili mawazo mwenyewe." Nikasema sawa. Alininyooshea mkono nikaubusu, mkono mgumu kama jiwe la kunolea.

Jumatatu akaamka na homa. Jumatano alikuwa wodini, kifua kimejaa maji, na alikaa humo siku kumi na moja. Alipotoka muuguzi wa mapafu alisema alilosema kwa upole, na hakukuwa na tafsiri mbili: ndege basi tena, kwenda popote. Jumapili ya kwanza nyumbani Shangazi alipiga. Baba alikuwa amelala sebuleni, mito minne mgongoni, na simu iko kifuani. Alimwambia dada yake kwamba hataweza kuja. Shangazi akauliza kwa nini hakuja wakati ule alipoweza, mwezi wa Machi, alipoambiwa na kila mtu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mashine. Baba aliniangalia. Akasema kwenye simu, "Nilitaka yangu, Zuwena. Niliutaka ule ukuta. Mwambie mama anisamehe." Shangazi akasema atamwambia. Sijui kama alimwambia. Bibi alikufa kabla mwezi wa Juni haujatimia. Baba alikufa Septemba, siku ya tatu ya muhula, mimi nikiwa darasani. Wazee wa Edgware Road walikuja wote, wakamzika huku mashariki, ardhi ya udongo mzito, ambayo nadhani angekuwa na la kusema juu yake.

Miaka mitatu nimejiambia kwamba kunyamaza ni kumtii. Aliniusia, na wasia wa marehemu hauvunjwi. Ni hoja nzuri, tena inanifaa mimi, na hilo ndilo lililonitia shaka leo alasiri na sinia yangu juu ya kitanda. Alinisitiri nikiwa na miaka kumi na mitano. Sasa nina kumi na minane, nimemaliza shule, nimejifungia chumbani, na aliyelala kaburini ndiye anayeitwa mtoto aliyemtupa mama yake. Nani anamsitiri yeye? Nimeyaandika haya tangu saa kumi na moja. Nimesikia wakipakua chakula, Mama ameniita mara mbili, nimesema nasoma. Nilikuwa nimekusudia kumpa Shangazi karatasi hizi kesho kabla ya kwenda makaburini, kisha niende nikasimame mahali pengine mpaka amalize kusoma. Nimezisoma tena, nikaona kwamba hiyo nayo ni namna nyingine ya kutopiga simu.

Jumapili asubuhi. Naongeza haya machache. Shangazi alikuwa ameshavaa baibui, anakunywa chai jikoni peke yake. Mama alikuwa anaoga. Niliingia, nikaketi mbele yake bila karatasi. Nilianza mara tatu. Alidhani naumwa, akanishika shavu. Nikamwambia. Nilisema vibaya, nikarudia rudia, Kiswahili kikinikimbia nikaingiza maneno ya Kiingereza ambayo hakuyaelewa, nikayatafuta upya. Nilipofika kwenye simu ile ya mito minne, ile aliyoipiga yeye, alitoa mkono wake shavuni mwangu na kuuweka mezani. Hakulia. Alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Akasema, "Bibi yako hakulijua hili." Nikasema ndiyo, Shangazi, hakulijua. Akasema na hakuna wa kumpelekea tena. Nikasema hakuna. Tukasikia maji ya bafuni yakifungwa. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na mama yako anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi nenda kamwite."

Nikainuka, nikaenda kumgongea Mama mlango.